Kidonge cha Jandoni

"Ashiru, shuka."

"Nimeshameza."

"Umemeza nini, na kidonge ninacho mkononi?"

Mtoto hakushuka. Alikuwa juu ya paa la jiko, ametanua miguu kama fundi aliyekuja kuezeka, anachomoa nyasi mojamoja na kuziachia upepo. Chini yake alisimama mama yake, Pili, kidonge mkono mmoja, kikombe cha maji mkono mwingine, na tangu asimame pale jua lilikuwa limepanda kutoka kwenye vigogo vya mikorosho hadi kwenye matawi. Watoto wengine wa Mnyambe walikuwa wameshapita kwenda shuleni na mafagio yao. Wawili walisimama wakatazama, wakacheka, wakaendelea na safari.

"Paa la nani unalibomoa hilo?"

"Nashuka, lakini usinishike pua."

"Sikushiki."

"Jana ulisema hivyohivyo."

Ni kweli, jana alisema hivyohivyo, kisha akamshika pua. Juzi alikisaga kidonge akakichanganya na uji. Mtoto akanusa bakuli, akalisukuma, na uji wa watu wote ukaishia kwenye majivu. Kabla ya hapo alimwahidi andazi, mtoto akadai kula andazi kwanza, na alipolimaliza akasema ameshiba. Kumpiga alijaribu pia. Alipompiga alilia, alipolia alitapika, na alipotapika kidonge kilitoka.

Ashiru akashuka. Akataka maji ya kulainisha koo, akanywa kikombe kizima. Akaweka kidonge ulimini, akakunja uso, akaonyesha kwa kidole kwamba anataka maji mengine. Bomba la kijiji lilikuwa kavu. Maji yale Pili aliyabeba kichwani kutoka bondeni, na njia ya kurudi kutoka bondeni ni mlima mtupu. Akamimina kikombe cha pili. Mtoto akajaza mashavu, akamwona ndege ametua kwenye tawi, akasahau alichokuwa akifanya, akacheka, na maji yote yakatoka pamoja na kidonge. Kabla Pili hajainama, kuku alikuwa ameshakidonoa.

"Kuku amekimeza," Ashiru alisema kwa mshangao wa kweli. "Mama, sasa yeye ndiye atakayetulia?"

Pili aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akaweka mikono kichwani. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akakosa nafasi ya yote mawili, maana ilimbidi aende ndani kufungua kopo achukue kidonge kingine.

Vidonge vile vilitoka hospitalini Newala. Daktari wa magonjwa ya akili aliyeletwa wilayani kwa muda alimtazama Ashiru akipanda dirishani, akipekua droo, akiuliza swali na kuondoka kabla ya kujibiwa. Kisha akamwambia Pili kwamba mtoto huyu hana shetani wala hana utundu wa makusudi. Akili yake inarukaruka, haikai mahali pamoja, na dawa ipo ya kumsaidia. Kidonge kimoja kila asubuhi.

Na dawa ilisaidia, hilo ndilo lililomuudhi Pili zaidi. Mwalimu Nikolao wa darasa la nne mwenyewe alisema, siku ambayo kidonge kimeingia tumboni Ashiru alinakili ubao mpaka mstari wa mwisho. Siku ambayo hakikuingia, alikuwa nje anafuata sisimizi kabla mwalimu hajageuka. Msimu uliopita, kabla ya dawa, aliachwa alinde moto wa takataka shambani, akaondoka kumfuata kinyonga. Moto uliingia kwenye mikorosho ya jirani. Mke wa jirani yule mpaka leo akimkuta Pili kisimani anahamisha ndoo yake.

Mtoto naye alikuwa na sababu zake. Alisema kidonge kinamkausha mdomo. Alisema shuleni wanamwita mteja wa hospitali. Alisema, siku moja alipoulizwa kwa upole, kwamba akikimeza anakuwa kama mtu anayemsubiri mtu.

Jioni Fakihi, baba yake, alirudi kutoka shambani, nyusi na masikio ya njano kwa salfa, unga wa kupulizia mikorosho. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kikileta salfa kwa mkopo. Sasa soko lilikuwa limeachiwa kila mwenye mzani na gari, salfa ilinunuliwa dukani kwa fedha taslimu, na mwenye kuchelewa kuipulizia alijua korosho zake zitaungulia kwenye maua. Kwa hiyo Fakihi alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na pambano la kidonge hakuwahi kuliona hata siku moja.

"Leo amemeza?"

"Cha pili amekimeza. Cha kwanza kala kuku."

Fakihi aliweka pampu chini. "Mama Ashiru, kitu chenyewe ni punje. Punje kama ya mtama! Mwanamke mzima unashindwa na punje?"

"Kesho mpe wewe."

"Mimi nina salfa."

*

Sultani, kaka mkubwa wa Pili, alifika siku ya Ijumaa baada ya sala. Kwa watu wa uwanda ule wa korosho mjomba si mgeni katika mambo ya mtoto; neno lake mara nyingine huzidi la baba. Na mwaka ule Sultani ndiye aliyekuwa mwenye likumbi, ile kambi ya jando inayojengwa porini, ambako wavulana hukaa mpaka wapone na wafundwe. Mwanamke hakanyagi huko, wala haruhusiwi kumwona mwari, mvulana aliyemo humo, mpaka siku ya kutoka.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, mwari wangu."

Kwa neno hilo tu Ashiru aliruka, akaangusha kigoda, akakiinua, akakiangusha tena.

"Mwezi ujao tunawaingiza," Sultani alisema. "Huyu amekua, zamu yake imefika."

"Kaka, na kidonge?" Pili aliuliza.

"Kidonge gani?"

"Anachomeza kila asubuhi. Nesi wa Newala amesema kisiachwe ghafla."

Sultani alimtazama dada yake kama aliyeulizwa habari za nchi nyingine. "Pili, mimi niliingia likumbi. Marehemu baba aliingia. Nani kati yetu aliletewa kidonge? Mtoto akifundwa, atatulia."

"Ndicho ninachosema siku zote, shemeji," Fakihi alidakia.

"Basi haendi," Pili alisema.

Ashiru alipiga ukelele uliowashtua mbuzi. "Naenda! Mama, wote wanaenda! Nikibaki wataniita msungo mpaka nioe! Nitacheza na nani? Na watoto wa kunyonya?"

Hilo hata Pili alilijua. Msungo, mvulana asiyepita jandoni, hakai na wenzake na hana kauli mbele yao. Akikosa mwaka huu, angesubiri miaka mpaka likumbi lingine lijengwe. Akakusanya kanga yake magotini.

"Sitaki ugomvi na hospitali," Sultani alisema mwishoni. "Akina mama wanapika, akina baba wanabeba chakula kuleta kila asubuhi. Basi baba yake ataleta na hicho kidonge."

"Kiwekwe kwenye chakula?" Fakihi aliuliza.

"Wanakula sinia moja wote, Baba Ashiru," Pili alisema. "Unataka kumtibu mtoto wa nani?"

Sultani akacheka. Fakihi hakupenda kuchekwa na shemeji yake. Alijinyoosha kitini. "Nitampa mimi, kwa mkono wangu. Dakika moja. Halafu tutajua kama shida ni ya mtoto, au ni ya anayempa."

Alilisema mbele ya kaka wa Pili, na mtoto akisikia. Pili aliinuka, akaenda jikoni kutazama chungu ambacho hakikuwa na haja ya kutazamwa.

*

Kliniki ya akili huko Newala ilikuwa siku moja kwa wiki, kila mgonjwa na tarehe yake ya mwezi, na dirisha lake lilitazamana na benchi refu la saruji ambalo kila aliyekwenda sokoni aliliona. Pili alijifunza kukaa pale amejitanda kanga mpaka puani. Kando yake mzee mmoja alihesabu vidole vyake kwa sauti. Msichana aliyefungwa mkono kwa mkono wa mama yake alilala kichwa kikiwa kimening'inia.

Nesi Winfrida alipokea kadi, akaitazama, akamtazama Pili. "Tarehe yako bado, mama."

"Najua, nesi. Mtoto anaingia jandoni, nataka dawa za mwezi mzima."

"Jandoni? Nani atampa huko?"

"Baba yake."

 Nesi alihesabu vidonge kwenye karatasi kwa ncha ya kisu, na alipofika nusu ya mwezi vidonge vikaisha. "Ndizo zilizopo. Nyingine kanunue kule nje. Na nakwambia tena, asiache ghafla. Akiacha ghafla hatalala, atahangaika, utafikiri ni mtu mwingine."

Duka la dawa baridi lilikuwa jipya, lina kaunta ya kioo na kijana mwenye koti jeupe lililomzidi. Alisoma karatasi ya nesi, kisha akageuza shingo kuelekea chumba cha nyuma.

"Ile ya vichaa ipo?"

Wateja waliosimama kaunta walisogea kidogo, kama watu wanaompisha mwenye mzigo.

"Ni ya mwanangu," Pili alisema. "Hana kichaa. Ni mwanafunzi."

"Mimi nasoma karatasi tu, mama."

Pili alilipa kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya nguo ya mwari ya siku ya kutoka. Njia nzima ya kurudi Mnyambe alikuwa akimjibu yule kijana moyoni, kila mara jibu zuri zaidi, na hakuna hata moja alilokuwa nalo pale kaunta.

*

Wavulana waliingizwa likumbini kwa ngoma na vigelegele, na dresa wa zahanati akawatahiri. Pili alikaa nyumbani na akina mama wenzake, na Sultani alipopita kusema kwamba Ashiru hakulia, alishangilia kama wote.

Siku ya pili yake, saa za asubuhi, Fakihi alifika kwenye uzio wa likumbi na sinia la ugali kichwani na kidonge ndani ya kipande cha gazeti. Akina baba wengine walikuwa wameshafika, wamekaa juu ya gogo wanazungumza bei za korosho. Wari walikaa mstari mmoja, wamejifunga mashuka, wamenyolewa vichwa, hata ilikuwa vigumu kujua nani mtoto wa nani. Wa kwake alimjua kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anachezesha mguu.

"Njoo umeze."

"Nini hicho?" mmoja wa wale baba aliuliza.

"Dawa," Fakihi alisema. Kisha, kwa kuwa watu walinyamaza, akaongeza, "Ya minyoo."

"Siyo ya minyoo!" Ashiru alisema kwa sauti ambayo msitu mzima uliisikia. "Ni ya akili. Na mimi sina kichaa, baba. Hapa hakuna kidonge. Mjomba kasema mimi ni mwari."

Mstari wa vichwa vilivyonyolewa ulianza kutikisika kwa kicheko. Baba mmoja aliangalia chini, mwingine akaangalia mbali, na wa tatu, mwenye mizani ya kununulia korosho, akamtazama Fakihi usoni kwa huruma. Huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Meza," Fakihi alisema huku ameuma meno.

"Maji?"

Wakaleta maji. Ashiru akanywa. Akataka mengine. Akanywa. Akasema kidonge kinanuka salfa, kwa sababu mikono ya baba yake inanuka salfa. Fakihi alimshika bega, na mlezi wa wari, kijana aliyekabidhiwa mafunzo, akaja polepole akasema kwamba huku mwari hasukumwi na mtu wa nje, hata kama ni baba yake.

Fakihi akakunja kipande cha gazeti, akakitia mfuko wa shati.

Pili alikuwa akimsubiri kwenye njia panda. "Amemeza?"

"Amemeza."

"Kikombe kimoja?"

"Kimoja."

Pili alipaswa kufurahi. Badala yake alirudi nyumbani akihisi kama mtu aliyefukuzwa kazi. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kumbe kikombe kimoja kinatosha, na miezi yote ile ya kushikana pua, ya kubembeleza, ya andazi na uji kwenye majivu, tatizo lilikuwa mkono wake. Mchana ule alipotwanga, alitwanga kwa nguvu mpaka mwanamke wa jirani, yule wa mikorosho iliyoungua, akatoa kichwa kutazama.

Kila asubuhi alitoa kidonge kimoja kwenye kopo, akakifunga kwenye gazeti, akampa mumewe. Kila asubuhi mumewe alirudi akasema amemeza. Wiki ikapita, nyingine ikaingia.

*

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambayo jua huwalaza watu na mbwa. Pili alikuwa ua wa nyuma, kando ya uzio wa mabua ya mtama, anamenya mihogo. Akasikia mabua yakikwaruza.

"Mama, usigeuke."

Kisu kilisimama.

"Ashiru?"

"Usigeuke! Mwanamke akiniona nimeharibu likumbi la wote. Mjomba ataniua."

Pili alikaza shingo, macho kwenye muhogo uliomenywa nusu. "Umetokaje huko?"

"Mlezi amelala. Mama, nipe kidonge."

"Kidonge? Si baba yako amekupa asubuhi?"

Sauti ya nyuma ya mabua ikarudi, ya chini na ya haraka. "Hajanipa. Nilikataa siku ya kwanza mbele ya watu, basi hakuniambia tena. Mama, silali. Wenzangu wanalala, mimi natazama miti. Tunafundishwa nyimbo, wao wameshazijua, mimi nikifika katikati zinakimbia. Nikikosea wote wanasimamishwa juani kwa ajili yangu. Jana wamesema nikikosea tena hawatakula sinia moja na mimi." Alikuwa amechanganya maneno kwa kulia. "Kichwa kinapiga kelele. Nipe."

Pili aliinuka. Alikwenda ndani akitazama ukuta wa upande wa pili, akagonga goti mlangoni, akachukua kopo na kikombe, akarudi kinyumenyume kama kaa. Alipofika uzioni alipenyeza mkono nyuma yake kati ya mabua. Vidole vidogo, vya moto, vilichukua kidonge kutoka kiganjani. Kisha vikachukua kikombe.

"Fungua mdomo nio—" alianza, kwa mazoea, na akanyamaza.

Alisikia maji yakishuka kooni.

"Nimemeza."

"Umemeza kweli?"

"Si nimesema nimemeza?"

Hakuna alichoweza kufanya. Alisimama amegeukia jiko, mgongo kwa mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu dawa ile iingie nyumbani kwake ilimbidi achukue neno la mtoto kama lilivyo.

"Kesho nani atanipa?" Ashiru aliuliza.

"Nitajua mimi."

"Siyo mbele ya wale baba. Na asinisimamie mtu. Nipewe, niweke mwenyewe."

"Haya."

"Na maji mengine yapo?"

Pili alifumba macho. "Yapo, Ashiru. Lete kikombe."

*

Jioni Sultani alikuja na mzee mmoja wa likumbi. Hawakukubali kukaa. Fakihi alikuwa ndiyo kwanza anajifuta salfa.

"Mwari wetu mmoja ametoka akarudi," mzee alisema. "Mlezi amemwona akipita kwenye mashamba kutokea upande huu. Tunauliza jambo moja tu. Mwanamke amemwona?"

"Sikumwona," Pili alisema.

"Pili," Sultani alisema, "hili si la mchezo. Kama umemwona, likumbi lote limeharibika, na faini yake siiwezi mimi wala mumeo."

"Kaka, naapa kwa kaburi la mama, sikumwona. Nilimsikia. Mtu alisimama nyuma ya uzio wangu akaomba dawa, nikampa nimempa mgongo. Hata wewe ukija kuomba dawa nyuma ya uzio, nitakupa."

Mzee alikuna kidevu. Kusikia si kuona, alisema. Wari wanapoimba porini, akina mama wote wanasikia.

"Lakini anaomba dawa ya nini," Sultani aliuliza, "na baba yake anampa kila siku?"

 Pili alimgeukia mumewe, akamwachia swali lile. Fakihi aliingia ndani. Alitoka na mfuko wa plastiki uliokuwa kwenye kasha la vifaa vyake vya pampu. Ndani yake vipande vya gazeti vilikuwa vimekunjwa kimojakimoja, vyote havijafunguliwa.

"Sikuvitupa," alisema. "Nilikuwa nasema kesho nitampa."

"Ukaniambia amemeza," Pili alisema. "Kikombe kimoja."

"Watu walikuwa wanatazama."

"Watu!" Sauti ya Pili ilipanda, na hakuishusha kwa ajili ya kaka yake wala ya yule mzee. "Mimi hawanitazami? Mimi ninakaa kwenye benchi lile kila mwezi, soko zima linapita. Dukani wameniuliza dawa ya vichaa, nikalipa, nikaondoka nayo. Kila asubuhi nambembeleza mpaka juu ya paa. Halafu jioni unaniuliza nashindwaje na punje. Wewe imekushinda siku moja, Baba Ashiru. Siku moja! Na ukaniacha nikidhani mkono wangu ndio mbovu."

  Fakihi alikaa kwenye kizingiti, mfuko ule mapajani, na njano ya salfa masikioni ikamfanya aonekane kama mtu aliyepakwa rangi kwa kuchezewa.

"Nilimwambia yule mwenye mizani ni dawa ya minyoo," alisema taratibu.

Sultani alitazama mfuko, akamtazama dada yake.  "Mimi ndiye niliyemwambia mtoto jandoni hakuna kidonge," alisema. "Nililisema kwa kujivuna. Nipe hilo kopo."

Faini ilitozwa hata hivyo, maana mwari alitoka na jambo halipiti hivihivi. Aliyetozwa ni baba. Mpaka siku ya kutoka, Fakihi alitakiwa kupeleka madumu ya maji likumbini kila siku kwa baiskeli, kutoka bondeni. Asubuhi ya kwanza alisukuma baiskeli mlima mzima, akasimama mara nyingi kuliko alivyotaka kuhesabu. Alipofika, Sultani alimwita Ashiru kando, nyuma ya kibanda, akampa kidonge na kikombe, akageuka kutazama miti. Mtoto alikunywa. Akaomba kikombe cha pili.

Fakihi, shati limemganda mgongoni, alifungua mdomo kusema kitu juu ya maji yale. Akaufunga. Akamimina.

*

Wari walitoka mwishoni mwa Julai, wamejipaka mafuta, kila mmoja na nguo mpya. Ya Ashiru ilipatikana kwa kuuza debe la choroko. Kambi ilichomwa moto nyuma yao, na majina yao ya utotoni yakaachwa humo. Ashiru alirudi nyumbani akiitwa Lukmani. Mwenye kumwita jina la zamani alikuwa amemtukana, na hilo alilikumbusha kila mtu wa nyumba ile, mchana kutwa, mpaka wakachoka.

Kidonge hakikuacha kuwa kazi. Asubuhi nyingine alikiweka mdomoni mwenyewe na kwenda zake. Asubuhi nyingine alisahau, alikasirika alipokumbushwa, alisema mtu mzima haagizwi, na Fakihi, aliyekuwa sasa akianza salfa kwa kuchelewa siku tatu za wiki ili amkumbushe yeye, alisikika ua mzima akiuliza amemkosea Mungu nini.

Siku ya kliniki ilipofika, Pili alimchukua kwenda Newala. Wakakaa kwenye benchi la saruji. Dirisha likafunguliwa.

"Ashiru Fakihi!" Nesi Winfrida aliita.

Mtoto alitazama mbele.

"Ashiru Fakihi!"

"Itika," Pili alimnong'oneza.

"Siyo mimi."

"Ni wewe. Kadi ni yako."

"Huyo alikuwa mtoto."

"Lukmani, baba, nakuomba. Itika leo tu, hapa hakuna wa jandoni."

Akakaza midomo. Yule mzee wa kuhesabu vidole aliinua kichwa akasema kwamba, kama mwenyewe hataki, yeye yuko tayari kuwa Ashiru.

"Mama, mwenye kadi yupo au hayupo?" nesi aliuliza. "Mimi naita mwingine."

Pili alijitanda kanga puani, akajiandaa kuinuka kwenda kuomba radhi kwa mara nyingine katika maisha yake. Lakini mtoto alikuwa ameshasimama. Alitembea mpaka dirishani, kidevu chake kikafika juu kidogo ya kingo, na akasema kwa sauti iliyowafikia wote waliokaa na wapita njia wawili waliokuwa wanaelekea sokoni:

"Shikamoo, nesi. Ashiru hayupo. Dawa zake ni zangu. Mimi ni Lukmani Fakihi."

Nesi Winfrida alimtazama juu ya miwani. "Marahaba. Lukmani, kubadilisha jina ni kadi mpya. Kadi mpya inalipiwa."

"Mama atalipa."

"Na dawa yenyewe ni ya nini? Inabidi niandike upya."

 Mtoto aligeuka akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa msichana aliyefungwa mkono, kisha akarudisha uso dirishani.

"Ya kunisaidia kutulia," alisema. "Siku nikiimeza."

"Na siku usipoimeza?"

"Muulize mama."

Mtu alicheka, kisha benchi zima. Pili aliishusha kanga usoni. Alikuwa anahangaika na fundo la fedha, limekaza, kucha zinateleza, na mtoto ameshaanza kupanda kingo za dirisha aone kadi inavyoandikwa.

"Andika tu, nesi," alisema. "Andika haraka, kabla hajabadilisha jina tena."